Mistari Minne kwa Mmoja

Inspekta Costancia alikuwa na hasira tangu alipofungua jalada, na hasira hiyo alikuja nayo hadi Lukwambe.

Jalada lenyewe lilikuwa na kurasa kumi na moja na kielelezo kimoja, bakuli la plastiki lenye nyuki waliokufa. Kwa ajili ya bakuli hilo, kijana mmoja alikuwa amevunjwa mkono, nyumba yake imechomwa moto, na yeye mwenyewe alikuwa anamaliza wiki ya sita mahabusu Kilosa. Jina lake Emanueli. Kazi yake ilikuwa kubeba solo, lile bomba la kunyunyizia, mgongoni na kuwapigia watu dawa ya viwavijeshi kwenye mahindi. Alhamisi kesi yake ingetajwa, na mwendesha mashtaka alikuwa amesema wazi kwamba siku hiyo anataka upelelezi uwe umekamilika. Na leo ilikuwa Jumanne.

Kaya mia moja na kumi na mbili za Lukwambe, kijiji kilichoko kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, zilipanda alizeti ya aina moja. Ilikuwa mbegu chotara ya kampuni ya Nuru ya Mashamba, mifuko ya kijani yenye mbegu zilizopakwa rangi nyekundu. Mwezi wa nne alizeti zikachanua mpaka watu wakawa wanapigia picha humo. Mwezi wa sita wakakata vichwa, wakakuta mapepe. Maganda matupu, ukipuliza yanaruka.

Mama Gaudiosa ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa maelezo polisi, kwa hiyo Costancia alianzia kwake. Walipokwisha kuamkiana, mama akamletea kigoda uani, yeye mwenyewe akaketi juu ya gunia.

"Nyuki hawakuwepo, afande," alisema. "Aliwamaliza yule kijana na solo lake. Tuliokota bakuli zima."

"Bakuli zima ni nyuki arobaini na wawili. Nimewahesabu mwenyewe. Mzinga mmoja una nyuki maelfu, mama. Arobaini na wawili wanakufa kwa uzee kabla ya saa sita mchana."

"Tulichoona ndicho tulichosema."

Costancia aligeuza kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta wa jikoni, ambako maboga yalikuwa yamerundikwa hadi kimo cha dirisha. Alilelewa Berega, shambani, na boga lilimlisha kabla hajajua kusoma.

"Maboga haya umetoa wapi?"

"Humo humo kwenye alizeti. Mimi huwa nachanganya."

"Yalitoa maua mwezi gani?"

"Huo huo wa nne. Pamoja na alizeti."

"Sasa niambie, mama. Mwaka ambao mvua inanyesha mfululizo, nyuki hawatoki, maboga yanakuwaje?"

"Yanadondoka yakiwa bado madogo, yanaoza..." Gaudiosa aliishia hapo. Aligeuka akayatazama maboga yake.

"Ya mwaka huu yalidondoka?"

"Hayakudondoka."

"Basi nyuki walikuwepo. Walikuwa wanatoka kwenye ua la boga wanaingia kwenye ua la alizeti, shamba moja, siku moja. Boga likashika, alizeti haikushika. Kijiji kizima cha wakulima, watu mliozaliwa na jembe mkononi, hakuna hata mmoja aliyetazama boga?"

Mama Gaudiosa alikunja kanga yake magotini, akaikunjua. "Tulikuwa na hasira," alisema.

"Hata mimi ninayo. Sijavunja mkono wa mtu."

Walikwenda shambani. Mabua yalikuwa yamesimama, vichwa vingi bado viko juu kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuvikata. Costancia aliuliza kama kuna mahali popote palipotoa kitu. Mama akampeleka chini, karibu na kijito, ambako alipata debe mbili. Pembeni kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa mabua marefu, nusu mita zaidi ya mengine.

"Hii ni ipi?"

"Mbegu ya kizamani ya marehemu mama yangu. Sikosi kuipanda japo mstari mmoja. Naionea huruma kuipoteza."

Costancia alianza kutembea kuelekea juu, akihesabu mistari na kuvunja kichwa kimoja kila alipopita. Mistari iliyopakana na mbegu ya kizamani ilikuwa na punje nene. Mstari wa tano, nusu nene, nusu mapepe. Wa kumi, punje za kuhesabu. Wa ishirini, hakuna kitu. Aliandika namba zote, akapiga picha kila kichwa kikiwa na karatasi ya namba. Dawa ilikuwa ile ile, mvua ile ile, na nyuki wale wale. Kilichopungua kadiri alivyokwenda juu ni ujirani na ule mstari mmoja.

"Na mimi nilimpiga," Mama Gaudiosa alisema nyuma yake ghafla. "Nakuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa mwingine. Nilikuwa na mpini wa jembe."

Costancia aliandika na hilo pia.

Saa sita ikafika gari ya Anitha, mtafiti wa mbegu kutoka Morogoro. Mwezi wa sita malalamiko yalipoanza, Anitha alipita Lukwambe, akaomba mbegu zilizobaki kwenye mfuko wa Gaudiosa, akazipanda kwenye bustani yake ya kumwagilia. Sasa zilikuwa zimechanua. Alishuka na ndoo ya maji yenye maua mawili makubwa, yote mazuri.

"Nyosha mkono, afande. Hilo koti lako jeusi linafaa."

Alipangusa ua la kwanza kwenye mkono wa koti. Likaacha unga wa njano. Akapangusa la pili. Halikuacha kitu.

"La kwanza ni la alizeti ya kawaida, la pili ndilo la mfuko wa kijani," Anitha alisema. "Halina chavua. Nimepanda mimea sitini, sijapata hata mmoja wenye chavua."

"Dawa inaweza kufanya hivyo?"

"Dawa gani, na mimi nimepanda Morogoro? Hiki kimezaliwa nacho. Sikiliza, nitakwenda polepole, na ukinipotea niambie. Seli ya mmea inabeba urithi sehemu mbili. Kuna kiini, humo mama na baba wanachangia nusu kwa nusu. Halafu kuna mitokondria, ni kama vijiinjini vya kuzalisha nguvu. Hivyo ni vya mama peke yake. Baba haleti hata kimoja."

"Nakufuata."

"Alizeti hii ina jeni mbovu kwenye mitokondria. Mmea unakua, unachanua, lakini chavua inafia ndani kabla haijatoka. Upande wa kike ni mzima kabisa. Ukiletewa chavua kutoka nje, unazaa."

"Kama kutoka kwenye mstari wa pembeni."

"Umeshaona? Vizuri, hutanichosha."

"Sasa nani mwenye akili anafuga mmea wa namna hiyo?"

"Sisi wote tunaotengeneza chotara. Tunataka mama asiyeweza kujichavusha mwenyewe, ili azae na baba tuliyemchagulia. Baba huyo ana jeni nyingine, iko kwenye kiini chake, inayoizima ile mbovu ya mitokondria. Mtoto anarithi injini za mama na kiini cha wote wawili. Jeni ya baba inainyamazisha ya mama, mtoto anatoka na chavua tele. Hiyo ndiyo mbegu inayostahili kuwa mfukoni."

"Na mama akipewa baba asiye na jeni hiyo?"

"Mtoto anatoka kama mama yake. Kijani, mnene, ua zuri, chavua hakuna. Na baba wa namna hiyo kila kampuni inaye, maana bila yeye huwezi kumzalisha mama mwenyewe. Kwa hiyo stoo ina baba wawili. Mmoja wa kumtunza mama, mwingine wa kurudisha chavua. Ukimwaga mbegu zao mezani, hata mimi siwezi kuzitenganisha."

Costancia alitazama bonde zima, mashamba mia moja na kumi na mbili ya majike matupu, yaliyokuwa yamesubiri chavua ambayo haikuwepo mahali popote.

"Hili ni kosa au ni uhalifu?"

"Mimi ni wa mimea," Anitha alisema. "Hilo ni lako."

Alasiri alikuwa Mikumi. Shamba la mbegu la Nuru ya Mashamba liliendeshwa na meneja aitwaye Goodhope, lakini aliyekuwa anasimamia vibarua kwa miaka kumi na minane ni mama mmoja, Yusta. Costancia hakwenda ofisini. Alimfuata Yusta nyumbani kwake, akamkuta anapepeta maharage, na alipomwambia amekuja kwa sababu ya Emanueli, Yusta akauweka ungo chini.

"Msimu uliopita, mistari ya baba iliota vizuri?"

"Haikuota," Yusta alisema bila kubembelezwa. Ilionekana alikuwa ameingoja siku hiyo. "Mbegu ilikuwa ya zamani. Tunapanda mistari minne ya mama, mmoja wa baba. Ile ya baba ikawa mapengo matupu."

"Ukafanyaje?"

"Nikajazia. Baba yangu alikata mkonge Kimamba, afande. Kwao mstari wenye pengo nyapara haupokei, kazi ya siku nzima inapotea. Mimi nimekuzwa hivyo, siwezi kulala nikijua shamba langu lina mapengo. Nikaingia stoo, nikakuta mfuko mwingine umeandikwa baba. Nikawapa vibarua. Nilijua baba ni baba."

"Ulimwambia meneja?"

"Ijumaa ya wiki ile ile. Alikuja akatazama, akasema shamba limependeza."

Costancia aliacha kuandika. Hasira yake, iliyokuwa imetulia kidogo, ilipanda tena. "Endelea."

"Tukavuna. Kabla ya kuuza huwa tunaotesha kidogo kwa majaribio. Mwezi wa kwanza yalipochanua akaniita. Akapangusa ua kwa kidole, akakitazama kidole. Akapangusa lingine, na lingine, mstari mzima. Halafu akaniambia ning'oe yote, nichome."

"Ukachoma."

"Nikachoma. Wiki iliyofuata mifuko ikapakiwa."

"Mama Yusta, mtu amevunjwa mkono. Wiki sita wewe umekaa hapa unapepeta maharage?"

"Aliniambia neno likitoka, aliyejazia mapengo ni mimi. Nani ataniamini mimi dhidi yake?" Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Niandike. Nimechoka nalo."

Aliandikwa. Lakini Costancia alijua uzito wa maelezo hayo mahakamani. Majaribio yalikwisha kuwa majivu. Goodhope angesema hakuambiwa, hakuona, kosa ni la kibarua, na yule kibarua alikuwa amekiri kwa mdomo wake. Alifunga daftari, akauliza swali la mwisho akiwa amesimama.

"Yeye mwenyewe analima?"

"Analima. Ekari sita, njia ya Dumila. Alizeti."

"Mbegu gani?"

"Hii hii. Nilimpakilia mimi mifuko kwenye gari."

"Naye alipata mapepe?"

"Mapepe?" Yusta alimshangaa. "Alivuna mpaka akaita lori."

Costancia akaketi tena.

Jumatano saa tatu asubuhi alikuwa amesimama kwenye ekari hizo sita, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji aliyemchukua awe shahidi. Vichwa vilikuwa vimekatwa, mabua yameachwa kwa ajili ya ng'ombe. Hakuhitaji kutembea sana. Mabua mafupi mistari minne, marefu mmoja. Mafupi minne, marefu mmoja. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa shamba, bila kukosea hata mara moja. Alipima kwa futi, akapiga picha, mwenyekiti akasaini.

Mtunza shamba aliitwa Ditram, mtu wa makamo, na alijibu kwa moyo mweupe.

"Alikuja mwenyewe mwezi wa pili na kamba ya kupimia. Akasema minne ya mfuko, mmoja wa mbegu ya kienyeji. Nikamuuliza, bosi, wewe unauza mbegu bora, mbona unaichanganya na hii ya bibi? Akaniambia nipande, nisiulize maswali."

Saa nane mchana Goodhope alimkaribisha ofisini kwake Mikumi kwa soda baridi. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikononi, na alizungumza kama mtu anayemhurumia msikilizaji.

"Wakulima wetu wanahitaji elimu, Inspekta. Alizeti bila nyuki ni bure. Niliwaeleza kwenye mkutano wao mwezi wa sita. Mbegu yangu haina tatizo."

"Unaiamini?"

"Asilimia mia. Hata mimi nimepanda."

"Naomba tuandike hivyo."

Alimpa onyo la kisheria kama inavyotakiwa, akaandika neno kwa neno. Kwamba mbegu ina chavua. Kwamba hakuwahi kuambiwa jambo lolote kuhusu mistari ya baba. Kwamba anaiamini mbegu hiyo na ameipanda kwenye shamba lake. Goodhope akasoma, akasahihisha nukta moja, akasaini kila ukurasa. Alikuwa anatabasamu. Costancia akaweka picha mezani.

"Hapa ni wapi?"

"Kwangu. Njia ya Dumila."

"Mabua haya marefu ni ya nini?"

"Mbegu ya kienyeji kidogo. Mazoea tu ya mkulima, usiweke mayai yote kwenye kapu moja..." Aliacha, akacheka. "Tahadhari ya kawaida."

"Mwenye tahadhari angepanda ekari moja pembeni. Wewe ulipima kwa kamba. Kwenye shamba lako la mbegu, mama unampandaje na baba?"

Goodhope alichukua soda yake, akairudisha bila kunywa.

"Nimekuuliza."

"Inategemea."

"Haitegemei. Minne kwa mmoja, kila msimamizi wako anajua. Kule Dumila ulipanda mama na baba, bwana Goodhope. Mwezi wa pili, kabla ua hata moja halijachanua kijijini, kabla Emanueli hajajaza solo lake. Mtu anayejua mbegu yake ina chavua haitafutii baba. Ulijua mfukoni mna majike, ukaenda kuyatafutia dume shambani kwako, na Lukwambe ukawapelekea mifuko bila dume."

"Wewe hujui biashara hii. Ningetupa mbegu ya msimu mzima, kampuni ingefungwa. Watu arobaini wangekosa kazi, pamoja na huyo Yusta aliyeniharibia."

"Ungewaambia wakulima wapande mstari mmoja wa kienyeji. Neno moja tu! Mbegu ya kienyeji wanayo majumbani, wangevuna kama ulivyovuna wewe."

"Wangeuliza kwa nini."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama jibu linalojitosheleza. Costancia hakuwa mtu wa kupiga meza. Siku hiyo aliipiga, soda ikamwagika juu ya karatasi za Goodhope.

"Na Emanueli?"

"Mimi sikumgusa."

"Ulisimama mbele ya watu waliopoteza msimu, ukawaambia nyuki wameuawa. Wakakuuliza na nani."

"Niliulizwa nani anapiga dawa pale. Nikamtaja. Ni kweli anapiga dawa."

"Simama," Costancia alisema. "Uko chini ya ulinzi. Ukitaka kufunga ofisi, funga sasa hivi."

Alhamisi saa nne, mahakamani Kilosa, mwendesha mashtaka aliomba kuondoa shauri, hakimu akaridhia. Haikuchukua hata dakika kumi. Nje, chini ya upenu, walikuwa wamesimama watu saba wa Lukwambe ambao Costancia aliwaita kwa majina, na mwenyekiti wa kijiji akiwa mbele yao, amevaa koti. Mwenyekiti alisogea.

"Afande, tumejipanga. Tumeandaa maneno ya kumwomba radhi kijana, tuyamalize kijamaa."

"Radhi mtaomba wenyewe, haihitaji polisi," Costancia alimjibu. "Mimi nimewaita kwa ajili ya mkono uliovunjwa na nyumba iliyochomwa. Mkitoka hapa mnakwenda kituoni, mmoja mmoja, kuandika maelezo. Mlidanganywa kuhusu mbegu. Kuhusu moto hamkudanganywa na mtu."

Mwenyekiti akafungua mdomo, akakumbuka kwamba na yeye alikuwepo, akaufunga.

Emanueli alitoka. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeunga vibaya, kiwiko kimeelekea nje. Aliwaona wote saba. Costancia alisogea karibu akidhani atamtukana mtu au atakimbia, na moyoni alikuwa tayari kumwacha atukane. Kijana hakufanya lolote kati ya hayo. Aliwapita wanaume, akaenda hadi mbele ya Mama Gaudiosa, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mama Gaudiosa alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Midomo ilikuwa inacheza nyuma ya vidole, lakini sauti haikutoka. Wanaume walitazama chini. Mwenyekiti akakohoa. Emanueli alibaki pale pale, kichwa ameinamisha, maana hakufundishwa kuondoka mbele ya mtu mzima kabla hajaitikiwa.